POINTI ZA NGUMI: ZIFICHWE AU ZITANGAZWE?

Mkulima wa kahawa wa Tarime au wa pamba wa Serengeti akipeleka mazao chamani, husogea karibu na mizani. Anataka kuuona mshale mwenyewe. Hakubali kuambiwa kilo zake jioni, wakati mzigo umekwisha ondoka.

Katika ngumi za kulipwa mambo ni tofauti. Mabondia hupigana hata raundi 12. Majaji watatu huandika pointi, na mara nyingi watu hutangaziwa mwishoni tu. Je, utaratibu huo ni mzuri? Tujifunze.

Faida ya kutangaza

Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, Roy Jones wa Marekani alimpiga mwenyeji, Park Si-hun, ngumi nyingi zaidi. Lakini majaji 3 kati ya 5 walimpa Park ushindi. Watu wengi walishangaa. Kama pointi zingetangazwa, Jones angejua mapema kwamba yuko hatarini. Mambo yamebadilika. Katika Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, alama zilionyeshwa baada ya kila raundi. Shirika la WBC nalo lina utaratibu wa kutangaza pointi baada ya raundi ya 4 na ya 8.

Hasara yake

Chukua kalamu, tupige hesabu. Kwa kawaida mshindi wa raundi hupata pointi 10, na mwenzake 9. Tuseme bondia wa kwanza ameshinda raundi zote 8:

Wa kwanza: 10 × 8 = 80
Wa pili: 9 × 8 = 72

Zimebaki raundi 4. Wa pili akizishinda zote kwa 10 na 9:

Wa kwanza: 80 + 36 = 116
Wa pili: 72 + 40 = 112

Bado ameshindwa! Basi akitangaziwa pointi, atajua kuwa lazima amwangushe mwenzake. Lakini na yule wa kwanza naye atajua. Anaweza kuanza kukimbiakimbia ulingoni mpaka kengele ya mwisho. Hapo watazamaji wamepata nini? Tena, wakizomea, jaji mwoga anaweza kubadili mkono katika raundi zinazofuata.

Maoni yetu

Sisi tunaona afadhali pointi zitangazwe. Anayepigwa ngumi za kichwa ana haki ya kujua hesabu yake. Lakini tusidanganyike. Kuuona mshale hakuitengenezi mizani mbovu. Jaji asiyejua kazi, au mla rushwa, ataandika vibaya tu, hadharani au kwa siri. Dawa yake ni kumfundisha, kumkagua, na akikosa kumwondoa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini bondia anayeongoza anaweza kupenda pointi zitangazwe?
2. Kama bondia wa pili angeshinda raundi 4 za mwisho, na kila moja akapata 10 kwa 8, nani angeshinda?
3. Kijijini kwenu, hesabu zipi hutangazwa mwishoni tu? Zitangazwe lini?