Mmea Usio na Jina Hauna Mtetezi: Jinsi Spishi Mpya Inavyotambuliwa Katika Misitu ya Taita

SOMO LA MAZINGIRA

Mkazi wa Voi akiinua macho asubuhi kutazama milima ya Taita, mara nyingi huona vilele vimefunikwa na ukungu ilhali yeye ameshaanza kutokwa na jasho. Ukungu huo huletwa na upepo wenye unyevu kutoka Bahari Hindi. Upepo huvuka nyika kavu, hukutana na milima, hupanda, hupoa na kugeuka mawingu. Majani ya miti hunasa matone yake hata siku ambazo mvua hainyeshi. Maji hayo hudondoka ardhini na kulisha chemchemi na vijito tunavyovitegemea huku chini.

Misitu ya aina hii huitwa misitu ya mawingu. Hapa kwetu imebaki vipande vidogo: Mbololo, Ngangao, Chawia, Vuria, Kasigau na vingine. Ngangao ina takribani hekta 120 za msitu wa asili, na Chawia haifikii hekta 100. Kila kipande ni kama kisiwa. Mmea uliozoea baridi na unyevu wa Mbololo hauwezi kuvuka nyika yenye joto kwenda kutafuta makao mapya. Umekaa pekee kwa muda mrefu mno, ukabadilika kidogo kidogo, hadi ukawa tofauti na jamaa zake wa milima mingine. Ndiyo maana milima ya Taita, ambayo ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki inayoendelea hadi Tanzania, ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine popote duniani.

Katika somo la leo tunaeleza jinsi mmea ambao sayansi haikuujua unavyopewa jina, na kwa nini jambo hilo linamhusu mkulima wa Wundanyi sawa na mtafiti wa Nairobi.

Kwa nini jina ni muhimu?

Kabla ya barabara, bwawa au mradi wowote mkubwa kujengwa, sheria inataka athari zake kwa mazingira zitathminiwe. Wataalamu huorodhesha mimea iliyopo na kuangalia kama kuna iliyo hatarini. Mmea wenye jina unaweza kuingia kwenye orodha hiyo, ukatengewa eneo na fedha za kuulinda. Usio na jina huandikwa "kichaka" tu, au hauandikwi kabisa. Unaweza kukatwa wote na pasiwe na mtu anayejua kilichopotea.

Hatua ya kwanza: kuona tofauti

Kazi huanza na mtu mwenye jicho zuri. Anaona ua lenye rangi asiyoizoea, au tunda lenye umbo geni. Hata hivyo, tofauti moja haitoshi. Mti ulioota kivulini huwa na majani mapana kuliko wa jua, na mmea mchanga haufanani na uliokomaa. Swali ni hili: je, tofauti hiyo inaonekana katika mimea mingi ya aina hiyo, na inarudi kizazi baada ya kizazi?

Hatua ya pili: kuchukua sampuli

Mtafiti mwenye kibali hukata kijitawi chenye majani na maua, na matunda yakiwepo. Kama mmea ni wa nadra, haung'oi na mizizi yake. Huchukua kiasi kinachohitajika na kuacha uliobaki uendelee kukua.

Sampuli hulazwa kati ya karatasi za gazeti, hubanwa kwa mbao na kukaushwa. Katika msitu wa mawingu kazi hii ni ngumu, kwa kuwa unyevu huleta ukungu wa kuozesha kabla majani hayajakauka. Karatasi hubadilishwa mara kwa mara, na mara nyingi huhitajika joto la jiko au taa.

Jambo linalosahaulika ni maelezo. Sampuli ikikauka, rangi ya ua hufifia, harufu hupotea, na hakuna anayeweza kujua mti ulikuwa na urefu gani. Haya yote huandikwa papo hapo msituni: tarehe, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo, na jina ambalo wenyeji huuita mmea huo. Jina la Kidawida au Kisagalla halitumiki kama jina la kisayansi, lakini likiandikwa kwenye lebo hubaki kuwa kumbukumbu, na humwezesha mtafiti wa baadaye kurudi na kuuliza wazee.

Hatua ya tatu: kulinganisha

Hapa ndipo muda mwingi unapotumika. Sampuli hupelekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Kubwa zaidi katika eneo letu ni ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi. Ilianzishwa mwaka wa 1902 huko Amani, katika milima ya Usambara, na kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Mtaalamu hufungua makabati, hupima petali, huhesabu mbegu, na kulinganisha na sampuli za jamaa zote wa karibu. Siku hizi huchunguza pia vinasaba. Husoma vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kazi iliyokamilika mwaka wa 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000.

Mara nyingi jibu ni kwamba mmea ulishapewa jina zamani. Wakati mwingine ni mpya kweli, na sampuli yake imekaa kabatini miaka mingi ikisubiri mtu wa kuitazama kwa makini. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba karibu robo ya spishi mpya zilielezwa kutokana na sampuli zilizokusanywa zaidi ya miaka 50 kabla. Katika muda kama huo, msitu ulikotoka mmea unaweza kuwa umekuwa shamba.

Hatua ya nne: kuuita kwa jina

Jina la kisayansi lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani ukoo wa karibu. La pili ni la spishi yenyewe, na linaweza kutaja mahali, sifa ya mmea au mtu. Kahawa ya mwitu ya misitu ya Taita, kwa mfano, inaitwa Coffea fadenii kwa heshima ya Robert Faden, mtaalamu aliyekusanya mimea mingi nchini Kenya.

Jina peke yake halitoshi. Ni lazima lichapishwe pamoja na maelezo ya mmea. Hadi mwisho wa 2011 maelezo hayo yalitakiwa kuandikwa kwa Kilatini. Tangu Januari 1, 2012, Kiingereza pia kinakubaliwa. Vilevile ni lazima itajwe sampuli moja ya kielelezo, ambayo jina limefungwa kwake daima. Mtu akibisha baada ya miaka mia, sampuli hiyo ndiyo itakayoamua.

Mfano wa Mbololo

Mwaka wa 1893 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Wendland, alieleza mmea mdogo wenye maua ya zambarau uliotoka Tanga. Aliuita Saintpaulia ionantha, kutokana na jina la afisa wa Kijerumani aliyeupeleka Ulaya. Jamaa zake leo hupandwa kwenye vyungu dirishani katika nchi nyingi, na ni biashara kubwa ya maua.

Ndugu mmoja wa mmea huo huota kwenye miamba yenye kivuli katika msitu wa Mbololo, wala haupatikani porini mahali pengine popote. Mwaka wa 1958 ulipewa jina Saintpaulia teitensis, yaani "wa Taita". Mwaka wa 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, ukoo wote uliunganishwa na jenasi nyingine, na sasa unaitwa Streptocarpus teitensis. Jina la mbele lilibadilika kwa sababu elimu iliongezeka, lakini neno linalotaja kwetu lilibaki.

Kwa kuwa una jina, mmea huu umeorodheshwa kimataifa miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka. Lakini orodha haizuii moto wala shoka. Miti inayoutia kivuli ikikatwa, miamba hukauka, na mmea hufa ukiwa na jina lake kamili.

Wewe mkazi ufanye nini?

Kwanza, ukiona mmea usioufahamu msituni, usiung'oe. Piga picha ya ua, ya jani pande zote mbili na ya mmea mzima, ukiweka sarafu kando ili ukubwa uonekane. Kumbuka mahali, kisha umjulishe mlinzi wa msitu, chama cha jamii cha kuhifadhi msitu au ofisi ya mazingira ya kaunti iliyo karibu nawe.

Pili, anayekuja kukusanya mimea kwa utafiti anapaswa kuwa na leseni ya NACOSTI na kibali cha NEMA cha kuchukua rasilimali za kibayolojia. Kwa misitu ya serikali anahitaji pia idhini ya Shirika la Huduma za Misitu. Una haki ya kumwomba akuonyeshe kabla ya kumwongoza au kumweleza matumizi ya mimea. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali kulinda maarifa asilia ya jamii kuhusu viumbe na mimea. Maarifa ya nyanya yako kuhusu dawa ya kikohozi ni sehemu ya maarifa hayo.

Tatu, walimu na wazazi, waulizeni wazee majina ya mimea na kuyaandika. Wazee wa Wadawida walilinda misitu ya fighi kwa mwiko na heshima muda mrefu kabla ya sheria za leo, na baadhi ya miti tunayoiona ilinusurika kwa sababu hiyo. Mzee akiondoka bila kuulizwa, jina la mmea na habari zake zinaweza kwenda naye.

Msitu wa mawingu unatupa maji leo. Mimea ambayo haijapewa jina ndani yake inaweza kuwa na faida ambayo bado hatujaijua. Kabla ya kukata kichaka kando ya msitu kwa kudhani ni magugu, uliza kwanza kinaitwaje.