Kikohozi kisichosikia dawa: Si lazima kiwe kifua kikuu

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, mtu akikohoa mwezi mzima na kuanza kukonda, majirani hawakosi jibu. Wengine husema ni kifua kikuu, wengine hunong'ona kuwa ni Ukimwi, na wazee husema ni chira, ule ugonjwa ambao Waluo huamini humpata aliyevunja mwiko. Ni wachache watakaotaja saratani ya mapafu. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi hufika hospitalini wakati ugonjwa umekwisha kuenea na daktari hana mengi ya kufanya.

Leo, ndugu msomaji, tutajifunza dalili za mapema za saratani hii na hatua za kuchukua. Hata kama unaishi Nairobi, Kisumu au Mombasa, soma kwa makini. Huenda baba au shangazi yako yuko Rongo, Ndhiwa au Mbita, anakohoa, na kila unapopiga simu anakuambia ni baridi tu.

Ugonjwa wenyewe

Saratani huanza chembe za mwili zinapozaana ovyo na kufanya uvimbe. Mapafu hayana neva nyingi za kuhisi maumivu, kwa hivyo uvimbe waweza kukua miezi mingi bila kuuma. Maumivu huja baadaye, uvimbe unapofika kwenye utando unaozunguka mapafu au kwenye mbavu. Ndiyo maana usingoje kifua kiume ndipo uende hospitali.

Mwaka 2022, watu wapatao milioni 2.5 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na milioni 1.8 walikufa kwayo. Hakuna saratani nyingine iliyoua watu wengi kama hiyo.

Ni nani aliye hatarini?

Sigara ndiyo chanzo kikuu. Katika kila wagonjwa 100, takriban 85 huupata ugonjwa huu kwa sababu ya uvutaji wa tumbaku. Anayekaa na mvutaji chumba kimoja na kuvuta moshi wake pia yumo hatarini.

Lakini usidhani kwamba asiyevuta amesalimika. Vumbi la mawe ya dhahabu yanayosagwa katika machimbo ya Nyatike, kama vile Macalder na Osiri, lina silika, na wataalamu wa kimataifa walithibitisha mwaka 1997 kuwa vumbi la silika husababisha saratani ya mapafu. Moshi wa kuni nao unashukiwa sana. Fikiria mama anayepika katika jiko lisilo na dirisha, au anayekausha samaki kwa moshi ufuoni mwa ziwa, mwaka nenda mwaka rudi.

Vilevile, mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, au anayeishi na virusi vya Ukimwi, ana hatari zaidi kuliko wengine, hata kama anameza dawa zake vizuri. Kwa kuwa Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi ya virusi hivyo nchini, jambo hili si dogo.

Dalili za kuangalia

1. Kikohozi kinachozidi wiki mbili au tatu, au kikohozi cha siku zote cha mvutaji kinachobadilika na kuwa kikali zaidi.
2. Makohozi yenye damu, hata ikiwa ni michirizi tu.
3. Kuishiwa na pumzi kwa kazi ambayo zamani haikukuchosha, au kukoroma kifuani.
4. Maumivu ya kifua au bega yanayozidi unapovuta pumzi kwa nguvu au kukohoa.
5. Sauti kukwaruza kwa majuma kadhaa. Neva iendayo kwenye kisanduku cha sauti hupitia kifuani, na uvimbe waweza kuibana.
6. Nimonia inayorudi mara kwa mara, hasa upande ule ule.
7. Kukonda, kukosa hamu ya chakula na uchovu usio na sababu.
8. Ncha za vidole kuvimba na kucha kupinda.

Uso na shingo vikivimba, au ukitema damu nyingi, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali mara moja.

Kuwa na dalili moja au mbili si kusema una saratani. Ni kusema kwamba unahitaji kupimwa.

Kifua kikuu au saratani?

Hapa ndipo wengi hupotelea. Magonjwa yote mawili huleta kikohozi, damu na kukonda. Hata katika picha ya eksirei, doa la saratani laweza kufanana na la kifua kikuu. Kutokwa na jasho jingi usiku na homa za jioni huelekea zaidi kifua kikuu, lakini si dalili za kutegemea. Jibu la kweli hutoka maabara.

Kwa hivyo, anza na kipimo cha makohozi. Upimaji na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Ukipatikana na kifua kikuu, meza dawa zote, kwa kawaida miezi 6. Wagonjwa wengi huanza kupata nafuu katika wiki za mwanzo.

Je, ikiwa miezi miwili imepita na bado unakohoa na kukonda? Usiache dawa kwa uamuzi wako, wala usikae kimya. Rudi kliniki umwulize daktari maswali haya: Je, vijidudu vya kifua kikuu vilionekana katika makohozi yangu, au ilikisiwa kutokana na picha? Je, picha mpya inaonyesha nafuu? Ikiwa sivyo, ni ugonjwa gani mwingine unaoweza kuwa hapa? Huenda ni kifua kikuu sugu, huenda ni saratani, na mtu aweza kuwa na yote mawili. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako.

Hatua za kuchukua

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu, kisha uombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Migori au Homa Bay. Eleza kikohozi kilianza lini, kazi uliyofanya, miaka uliyovuta sigara na dawa ulizokwisha kutumia. Beba picha zako za zamani, kwa sababu daktari akizilinganisha ataona kama doa linakua.

Uvimbe ukishukiwa, utahitaji picha ya CT na kukatwa kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe. Bila kipande hicho, saratani haithibitishwi. Huenda ukatumwa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ya Moi mjini Eldoret au ya Kenyatta jijini Nairobi. Jiandikishe mapema katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, usije ukaanza kukimbizana na karatasi ukiwa kitandani.

Saratani ikigunduliwa mapema, upasuaji waweza kuiondoa kabisa. Ikiwa imeenea, zipo dawa na tiba ya miale za kurefusha maisha na kupunguza maumivu.

Nawe unayevuta sigara, acha leo. Miaka 10 baada ya kuacha, hatari yako ya kufa kwa saratani hii hupungua kwa karibu nusu. Mchimba dhahabu na anyunyizie mawe maji kabla ya kuyasaga na afunike pua, naye mama mpishi atoboe dirisha jikoni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kikohozi kikipita wiki mbili, usikifiche, na mzazi wako naye usimwache akifiche.