Mafunzo Niliyopata Nikitundika Makabati ya Jikoni Kariakoo

Makabati mengi ninayotundika huchongwa Keko na kuishia kwenye maghorofa ya Kariakoo, Dar es Salaam. Skrubu nanunua njiani, Gerezani.

1. Ukuta kwanza, duka baadaye. Drili ikivuka lipu na bado inatoa vumbi la kijivu, hilo ni tofali la saruji. Ikitoa udongo mwekundu, zima mashine: hiyo mara nyingi ni nyumba ya zamani ya miti na udongo iliyopigwa lipu juu. Hapo kabati nalisimamisha sakafuni kwa miguu yake, hata mwenye nyumba akiapa kuwa ukuta ni imara.

2. Skrubu nyeusi za jipsam si za kutundikia. "Chukua hizi fundi, ndizo zinazotoka," muuzaji atakwambia, na kweli zinatoka. Lakini chuma chake ni kikavu. Kikilemewa hakipindi, kinakatika shingoni. Halafu ule weusi hauzuii kutu kwa muda mrefu, na jikoni kuna mvuke, mbali na hewa ya Dar yenye joto na chumvi. Naomba zilizopakwa zinki, unene wa milimita 5, pamoja na washa.

3. Urefu wa skrubu ni hesabu. Ubao wa nyuma ya kabati milimita 18, lipu kama 15: skrubu imeshameza 33 na tofali haijaligusa. Lipu haibebi kitu. Ongeza 40 za ndani ya tofali, unapata 73. Ndiyo maana nataka inchi 3. Ya inchi 2 inashika tofali kwa milimita zisizofika 18, na mzigo wenyewe ni masufuria na sahani za udongo.

4. Plagi ya ukutani ya milimita 8, biti ya milimita 8. Ila matofali ya mjini hayalingani. Lenye mchanga mwingi linamomonyoka ukiwasha hama ya drili, tundu likawa pana. Zima hama, toboa taratibu, puliza vumbi. Plagi ikiingia kwa kidole, panda hadi ya 10, na skrubu nene zaidi inayolingana nayo. Na isukume ivuke lipu.

5. Kwenye marumaru, bandika utepe wa karatasi ili biti isiteleze. Hama isubiri mpaka kigae kitoboke.

6. Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari wa wima, maana waya hupita humo. Wewe unayejenga sasa, piga picha kuta zako kabla hazijapigwa lipu, uzitunze, umwoneshe fundi.