Bunduki ya Upepo Iliyozidi Kipimo

Waswahili walioko Uingereza huuliza swali moja kwa namna nyingi: ninunue bunduki gani ya upepo, ile ya kukunja mtutu, yenye nguvu ya kumwangusha sungura au njiwa pori? Wengi wamekwisha kuhakikishiwa na rafiki au muuzaji kwamba silaha hii haina haja ya kibali. Kwa England na Wales ni kweli, ila nusu tu. Aliyetimiza miaka 18 anaweza kununua bila cheti, mradi bunduki haizidi futi-pauni 12, yaani takriban juli 16. Ikivuka hapo, kanuni za mwaka 1969 zinaihesabu kuwa silaha hatari sana, na kuwa nayo bila cheti cha polisi ni kosa linaloweza kukufunga hadi miaka mitano. Kwa asiye raia kuna adhabu ya pili: sheria ya mipaka ya mwaka 2007 inamtaka waziri amfukuze nchini mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mtu anaweza kupoteza makazi aliyoyasotea miaka mingi kwa ajili ya mchuzi wa sungura.

Mtego wenyewe umo katika kipimo. Chukua kirisasi cha milimita 5.5 chenye uzito wa gramu 0.94. Kikitoka mtutuni kwa mita 186 kwa sekunde, kiko ukingoni mwa sheria. Kikitoka kwa mita 213, kimefika juli 21 na mwenye bunduki tayari ni mhalifu, ingawa tofauti hiyo hawezi kuiona kwa macho wala kuihisi begani. Sanduku dukani au tangazo la simuni hutaja kasi peke yake, tena mara nyingi kasi ya kirisasi chepesi mno, kwa kuwa tarakimu kubwa ndiyo inayouza. Nguvu hutokana na kasi pamoja na uzito, na bunduki ileile hutoa juli tofauti kwa kila aina ya kirisasi. Kuna aina zinazotengenezwa mara mbili: yenye springi laini kwa soko la Uingereza na yenye springi kali kwa Marekani, na kwa nje zinafanana kabisa. Ukiagiza au ukiletewa ya Marekani, umeletewa kesi. Anayenunua mkononi yuko hatarini zaidi, maana mwenye mali aliyetangulia huenda alibadilisha springi ili ajitape kwa wenzake. Hata mafuta yaliyobaki ndani ya silinda huweza kuwaka bunduki inapofyatuliwa na kuongeza nguvu.

Utasema: lakini mimi sikujua. Mahakama za England zilijibu zamani. Katika kesi ya Howells ya mwaka 1977, mshtakiwa aliamini kwa dhati kwamba bastola yake ilikuwa ya kale, isiyohitaji cheti; kumbe ilikuwa nakala ya kisasa, na imani yake haikumsaidia kitu. Kwa mfanyabiashara wa silaha ukali huo naukubali, kwa sababu ana vifaa vya kupimia na anapata faida. Kumbebesha mnunuzi wa kawaida mzigo uleule ni uonevu. Bunge lingeweza kumpa utetezi mwenye kuthibitisha kwamba alichukua kila tahadhari ya maana. Badala yake limembana muuza duka, ambaye tangu sheria ya mwaka 2006 lazima amkabidhi mnunuzi bunduki ana kwa ana, na kuuacha wazi uuzaji wa mtu kwa mtu kwenye maegesho ya magari, ambako laghai huchukua fedha taslimu na kubadili namba ya simu.

Wapo wanaodai kwamba bunduki dhaifu humtesa mnyama, hivyo huruma yenyewe inadai nguvu. Hoja hii ina uzito lakini haifiki mbali. Iliyo ndani ya kipimo, ikilengwa kichwani umbali wa mita 25 hivi, humuua sungura papo hapo. Ya springi kali hutikisika zaidi na kumharibia shabaha asiyeizoea, na kinachomtesa mnyama ni risasi iliyokosea mahali. (Kama nyama yake ni halali akifa kabla ya kuchinjwa, masheikh wamehitilafiana, muulize wako.) Kwa hiyo tafuta usahihi, nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, na kabla ya kulipa mwambie aipime mbele yako kwa virisasi vya uzito mbalimbali, kisha akuandikie matokeo kwenye risiti. Akikataa, ondoka. Omba pia ruhusa ya maandishi ya mwenye shamba, kwa sababu kuingia na bunduki katika ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa jingine, hata kama ni ya upepo.

Usidhani pia kwamba ufalme mmoja una sheria moja. Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016, hudai cheti hata kwa bunduki iliyo ndani ya kipimo, na Ireland ya Kaskazini hudai kwa yoyote inayozidi juli moja. Anayetoka Carlisle na bunduki halali kwenye buti anaweza kuwa mkosaji baada ya dakika chache za barabara.

Ikiwa unayo tayari na unaishuku, usiifungue kulegeza springi, wala usimrudishie aliyekuuzia. Kuihamisha huko kunaweza kuzaa kosa jipya. Mpigie kwanza wakili, akupangie namna ya kuisalimisha. Ukikamatwa, una haki ya wakili wa bure kituoni, uwe na kipato gani au hadhi gani ya uhamiaji, na ya mkalimani wa Kiswahili ukihitaji. Usikubali kuhojiwa kabla hawajafika, hata ukiambiwa kwamba kuwasubiri kutakuchelewesha kurudi nyumbani.