Msaiprasi: Mbona Ua Unakauka?

Pitia vichochoro vya hapa Witeithie uone nyua za msaiprasi. Nyingi zina mabaka ya hudhurungi, kama blanketi lililoungua. Watu husema ni kiangazi. Si kiangazi peke yake!

Kwanza jina, maana chama chetu ni cha lugha. Wengine huuita ati msonobari. La! Msonobari una majani marefu kama sindano, na huu una magamba madogo yaliyobanana. Wala si mtarakwa wa wazee, ingawa ni jamaa. Mtarakwa ni mwenyeji. Msaiprasi ni mgeni kutoka Meksiko. Jina lake la kisayansi, lusitanica, lina maana ya Ureno, kwa kuwa wataalamu waliuchunguza kwanza ukiwa umepandwa huko.

Chagua mche wa sentimita 20 hadi 30, usio na mizizi iliyojikunja mfukoni. Kwa ua, acha sentimita 30 mpaka 50 kati ya mche na mche. Panda mwezi wa Aprili, mvua ikishashika. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na mti huu hupenda baridi ya Limuru kuliko jua letu. Kwa hivyo kiangazi cha kwanza lazima umwagilie, sivyo utavuna kuni. Tandaza nyasi, lakini zisiguse shina, mchwa watakaribia.

Kukata ndiko kunakoharibu nyua nyingi. Msaiprasi si kama mti unaochipuka kutoka kisiki. Ukipiga panga mpaka kwenye tawi lisilo na majani, pengo hilo halitajaa tena. Kata kijani tu, kidogo kidogo, tangu ua ukiwa mchanga. Chini pawe papana kuliko juu, ndipo jua lifike.

Sasa mabaka. Mara nyingi ni kazi ya vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Walionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa Kenya. Si mchezo: nyua na misitu ilikauka. Wataalamu walileta nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari. Aliachiliwa Malawi mwaka 1994. Wewe nyumbani fungua matawi uchungulie ndani. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, au masizi meusi kwenye majani, shuku. Kata tawi lililoathirika ulichome, na miti midogo uinyunyizie maji ya sabuni.

Halafu kuna sisi wenyewe, jamani! Desemba ikifika mtu anakata kilele cha mti wa jirani apambe sebule. Mti uliokatwa kilele hauwi mbao nzuri. Omba tawi la pembeni. Au otesha mche ndani ya debe lililotobolewa chini, uupambe Krismasi, kisha uuweke kivulini ukimwagiliwa hadi Aprili.