Angalia Kabla Hujalipa: Usafi wa Duka, Genge na Bucha la Mtaani

Saa kumi na mbili jioni, taa za maduka zikianza kuwashwa, mtaa mzima uko nje unanunua. Mtoto ametumwa unga nusu kilo, baba anashuka kwenye daladala na kupitia mkate, mama yuko gengeni anachagua nyanya za fungu. Kijitabu hiki ni cha saa hiyo. Kimeandikwa kwa kaya za Dar es Salaam, lakini aliyeko Morogoro au Mwanza atajiona humu pia.

Kwa nini tunanunua tunaponunua

Muulize mama yeyote wa Mbagala, Manzese au Buguruni kwa nini ananunua duka hili na si lile. Atakwambia liko karibu. Mangi, mwenye duka, anamfahamu. Anampimia hata robo, na mambo yakiwa magumu anamwandika kwenye daftari, akalipa mwisho wa mwezi. Sababu hizo ni za kweli, na hakuna afisa afya mwenye haki ya kuzidharau. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku.

Shida ni kwamba usafi hauingii kwenye hesabu hiyo. Tumejizoesha kudhani kwamba usafi ni mambo ya supamaketi yenye vigae na viyoyozi, na kwamba duka la dirisha la nondo tulichukue lilivyo. Vigae havilindi chakula. Chakula huharibiwa na joto, unyevu, wadudu, panya na mikono, na hayo yote yanaweza kukaa ndani ya supamaketi inayong'aa kama yanavyoweza kufukuzwa kwenye kiduka cha mabati. Nimeona maduka ya mabati ambayo ningemtuma mwanangu bila wasiwasi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufa. Watoto walio chini ya miaka mitano ni 125,000 katika vifo hivyo. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kipindupindu kililipuka hapa Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Wengi wetu tunakumbuka.

Mkono uliopima mafuta ya taa

Jioni moja nilikuwa kwenye foleni ya duka la mtaani. Mteja wa mbele yangu alitaka mafuta ya taa. Muuzaji akainama kwenye dumu lililokuwa chini ya kaunta, akapima, mafuta yakamchuruzika vidoleni. Akajifuta kwa kitambaa cha begani, akapokea noti, akarudisha chenji, kisha akanigeukia: "Mama, nikupe nini?" Nilitaka sukari nusu. Kikombe cha kuchotea kilikuwa kimefukiwa na sukari ndani ya kiroba, hakina mpini. Akazamisha mkono mpaka kifundoni.

Niliichukua ile sukari. Niliona aibu kusema mbele ya watu. Asubuhi chai ilinuka mafuta ya taa, na wanangu wakaiacha.

Tangu siku hiyo naangalia mambo machache kabla sijataja ninachotaka. Mafuta ya taa, dawa ya panya, dawa ya mbu na sabuni ya unga viwe upande wake, mbali na chakula na chini yake, visije vikamwagikia unga. Sukari, mchele na maharage vikae kwenye ndoo zenye mfuniko. Kikombe cha kuchotea kiwe na mpini mrefu, kining'inizwe, kisilale ndani ya chakula. Mkate na maandazi vishikwe kwa mfuko, si kwa vidole vilivyotoka kuhesabu noti. Na ukifungiwa karanga za kukaanga au andazi la moto kwenye gazeti, kataa: wino haukutengenezwa kuliwa, na mafuta ya andazi huunyonya. Nenda na kibakuli chako.

Kisha tupia jicho kwenye pembe. Kiroba kilichotafunwa kona, harufu kali ya mkojo, vinyesi vidogo vyeusi kama punje za mchele: huyo ni panya, na panya haji peke yake. Mkojo wake unabeba homa ya mgunda, ile iliyoua watu mkoani Lindi Julai 2022. Ndiyo maana kopo la soda lioshwe kabla halijafika mdomoni, hata kama limetoka kwenye friji. Muuzaji anayejali huweka viroba juu ya chaga la mbao, akaviacha mbali kidogo na ukuta ili fagio lipite nyuma.

Friji linalozimwa usiku

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, hata wanaonunua kwenye maduka makubwa.

Bakteria wengi wa chakula hawakui vizuri chini ya nyuzi 5 wala juu ya nyuzi 60. Katikati ya hapo ndipo wanapostawi, na Dar es Salaam mchana mara nyingi joto hugonga nyuzi 30 na zaidi. Wakipata joto na chakula wanachokipenda, baadhi yao hugawanyika mara mbili kila dakika 20. Fanya hesabu: bakteria mmoja wa saa sita mchana, saa kumi na moja jioni wameshazidi 32,000.

Sasa kuna wenye maduka wanaozima friji usiku ili umeme wa LUKU usiishe, asubuhi wakawasha tena. Ukifika saa nne, friji ni baridi, maziwa ni ya baridi, kila kitu kinaonekana sawa. Hutaambiwa, lakini vitu vyenyewe vitakwambia. Vipande vya kuku vilivyogandana kuwa jiwe moja, na chini ya mfuko kuna barafu yenye rangi ya damu, viliyeyuka vikagandishwa tena. Pakiti ya maziwa iliyovimba imeshachachuka. Boksi la aiskrimu lililopinda na kuota theluji ndani lina historia ileile. Samaki wa kuganda aliyelainika tumboni mwache alipo.

Elewa pia tofauti ya maziwa. Yale ya boksi yaliyochemshwa kwa joto kali sana yanaweza kukaa rafuni bila friji mpaka siku utakapoyafungua. Ya mfuko laini, au ya kupima kutoka kwenye ndoo, hayana ruhusa hiyo: yanataka baridi bila kukatika, na ya kupima lazima uyachemshe mpaka yapande kabla hujanywa.

Kama una friji nyumbani, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi safari ukakuta sarafu imezama, ujue umeme ulikatika muda mrefu na kila kitu kiliyeyuka. Nyama na samaki wa humo usiwale.

Kuhusu tarehe, zisome mbili na usizichanganye. "Mwisho wa matumizi" ni mpaka: ukipita, usile. "Bora kabla ya" inazungumzia ladha na ubora. Tarehe iliyokwanguliwa au kubandikiwa nyingine juu yake irudishe hapohapo. Kopo lililovimba usilifungue hata kwa kuonja. Sumu inayoweza kuwemo hupooza misuli, hata ya kupumulia.

Unga, karanga na ukungu

Kama una nafasi ya kukumbuka ukurasa mmoja tu wa kijitabu hiki, uwe huu. Madhara mengine ya uchafu wa dukani yatakujia kwa kuhara na kutapika, utajua umeumwa. Sumukuvu inaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Inaharibu ini, na mtu anayeila kidogokidogo kwa muda mrefu yuko kwenye hatari kubwa ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B. Ikiwa nyingi kwa mara moja, huua ndani ya siku chache. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waligunduliwa wagonjwa 317 na kati yao 125 walifariki, wengi kwa mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikatufikia sisi, Dodoma na Manyara, nako watu wakafa.

Ugali haukuokoi. Kuchemsha, kukaanga au kuoka hakuiondoi sumu hiyo. Kinachosaidia ni kutoileta nyumbani. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi, na kiasi hicho jicho halikioni. Lakini dalili za uhifadhi mbaya jicho linaziona. Kiroba kilicholala sakafuni, chini kikiwa na alama ya maji. Unga wenye mabonge na harufu ya uvundo. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zinazoacha uchungu mdomoni. Ukila karanga moja chungu, iteme. Usiimeze kwa heshima ya mwenyeji.

Ukinunua mahindi au karanga nzima, zichambue kwenye ungo kabla ya kusaga. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Ukizitoa umepunguza hatari sana, japo hujaimaliza. Na usizitupie kuku wala ng'ombe. Sumu hupita kwenye maziwa, ikarudi kwenye kikombe cha mtoto.

Nina wasiwasi wa pekee na unga wa lishe. Mama anachanganya mahindi, karanga, ulezi na soya akiamini anampa mtoto kilicho bora, na nia yake ni njema kabisa. Lakini mahindi na karanga ndizo zinazopata sumukuvu kuliko nyingine, na mtoto wa miezi minane anaula unga huo kila siku. Chambua mwenyewe, saga kidogo kidogo, hifadhi pakavu. Ukinunua uliofungwa, tafuta alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini.

Gengeni na buchani

Mboga zinazotandazwa kando ya mtaro ziogope hasa masika. Tunajua mvua ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo, na maji yale hupita palepale panapopangwa mchicha. Nunua kwa mwenye meza, na ukumbuke kumwuliza maji ya kunyunyizia anayatoa wapi. Nyanya na vitunguu vya kachumbari vioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa.

Buchani, tafuta kwanza muhuri kwenye nyama. Nyama iliyopita machinjio halali, kama Vingunguti, hukaguliwa na mtaalamu wa mifugo na kugongwa muhuri. Halafu tazama gogo. Gogo la mti lina nyufa, na nyufa hizo zina damu ya juzi ambayo hakuna maji yanayoifikia. Bucha lenye msumeno na meza inayosuguliwa ni bora, hata kama ni hatua mia mbele zaidi. Samaki mbonyeze: nyama irudi, jicho liwe limetuna na kung'aa, mashavu yawe mekundu.

Jinsi ya kusema

Nyumba kumi zikiacha kununua kimyakimya, muuzaji atadhani biashara ni ngumu tu. Zikisema, atabadilika, kwa kuwa anaishi kwa wateja wale wale. Si lazima iwe ugomvi.

"Shikamoo Mangi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nataka sukari kilo, ila naomba unichotee kwa kikombe chenye mpini. Na yale mafuta ya taa, Mangi, tafadhali yasogeze kule."

"Kwani yana shida gani?"

"Chai inanuka, watoto hawanywi."

Maneno hayo ni mepesi, yana heshima, na yanamgusa pale anapojali. Zungumzeni pia kwenye vikoba na mikutano ya mtaa, mkubaliane kudai kitu kimoja kwa wote. Akikataa, au ukikuta bidhaa zilizokwisha muda zinauzwa, mwone afisa afya wa kata kupitia ofisi ya serikali ya mtaa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka ya kukagua. Beba bidhaa yenyewe na risiti kama ipo.

Ukifika nyumbani

Osha mikono kwa sabuni. Nyama mbichi ikae chini ndani ya friji, isidondokee vilivyopikwa. Kisu cha kuku kisikate kachumbari. Mayai yaoshe unapotaka kuyapika, si kabla ya kuyahifadhi. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili.

Mtoto akianza kuhara, usingoje asubuhi. Koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, mpe kidogo kidogo kila mara, na mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwage. Endelea kumnyonyesha. Mpeleke kituo cha afya apewe na zinki, ambayo hutumika siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani, anahara damu au hawezi kunywa, nenda naye sasa hivi. Kwa ushauri, piga 199, namba ya Wizara ya Afya. Simu ni bure.