Mabasi ya UDA: Somo la Uchakavu na Hisa

Anayetaka kununua gari la abiria, au hisa za kampuni yenye magari hayo, ana somo la bure katika historia ya mabasi ya Jiji la Dar es Salaam.

Mabasi ya jiji yalikuwa ya Dar es Salaam Motor Transport (DMT), kampuni ya Waingereza iliyotaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 iligawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) likabaki na jiji. Wakazi wa siku hizo bado wanayataja mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yale yaliyoungwa katikati na kuitwa kumbakumba.

Kwa juu juu, UDA ilikuwa na soko lisilo na mpinzani. Lakini nauli ilipangwa na Serikali, kwa shilingi, huku vipuri, matairi na mafuta vikihitaji fedha za kigeni. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979, na vita vya Kagera vikala akiba ya nchi. Basi bovu likakaa gereji likisubiri kipuri, na baadaye likanyofolewa vifaa kuponya jingine. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu: mali ya kampuni ya mabasi si magari yaliyosajiliwa, ni yale yanayotoka asubuhi. Nauli isipobeba fungu la uchakavu, kinachoitwa faida ni mtaji unaoliwa.

Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yaliruhusiwa. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa "dala" mitaani, na daladala ikapata jina.

Upande wa hisa ndio wenye funzo kali zaidi. Jiji lilikuwa na asilimia 51 za UDA na Serikali 49. Hata hivyo, kati ya hisa milioni 15 zilizoidhinishwa, zilizogawiwa zilikuwa 7,119,697 tu. Mwaka 2011 ulifikiwa mkataba wa kuiuzia Simon Group hisa 7,880,303 zilizosalia, kwa shilingi 145 kila moja. Piga hesabu: zote zikishagawiwa, mnunuzi ana zaidi ya asilimia 52, na Jiji linabaki na 24 hivi bila kuuza hata hisa moja. Ubishi wake ulifika hadi bungeni.